LatencyMon: programu ya bure iliyonionyesha kwa nini sauti ya kompyuta yangu ilikuwa ikikatika-katika

Sentensi ilikuwa fupi: "Wageni hawatakula leo." Niliirekodi mwenyewe kwa zoezi la kusikiliza na kuandika, nikawachezea wanafunzi watano wanaokuja kwangu Bweyogerere, kandokando ya Kampala, kila Jumamosi asubuhi, na watatu kati yao wakaandika kwamba wageni watakula. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwakemee. Nilipoirudia rekodi hiyo, mimi mwenyewe niliyeitunga sentensi nikasikia wageni wakiahidiwa chakula. Spika zilikuwa zimemeza silabi moja tu, ile "ha" ya ukanushi, na katika Kiswahili silabi hiyo inatosha kufunga jiko la watu au kulifungua.

Kwa muda wa miezi miwili hivi kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na tabia hiyo. Ilikuwa ikitoa maneno mawili safi, kisha mkwaruzo mfupi kama wa redio inayotafuta stesheni, kisha nusu ya neno, kisha kimya cha kufumba na kufumbua, halafu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mtu anayesikiliza muziki tu akiwa anapika, jambo hilo ni kero ndogo. Kwa mwalimu wa lugha ambayo nafsi, wakati na ukanushi vyote hubebwa na viambishi vya silabi moja moja, ni kazi kuharibika kabisa. Tathmini hii inahusu programu iliyonitoa katika shida hiyo, LatencyMon ya Resplendence Software, lakini thamani yake haitaeleweka vizuri nisipoeleza kwanza fedha nilizozimwaga kabla sijaijua.

Mashine yenyewe ni ya mtumba: prosesa ya Intel ya i5, memori ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500, na Windows 10. Nyumbani kwetu kila kitu kinachokwama kwenye kompyuta hulaumiwa bando, na kweli video nyingi za intaneti hukatika kwa sababu data haifiki kwa wakati. Rekodi yangu, hata hivyo, ilikuwa ndani ya diski, na hata nilipozima kipanga njia cha intaneti sebuleni ilizidi kukwaruza vilevile. Nikashuku faili lenyewe. Jaribio la kulithibitisha ni rahisi na halina gharama: cheza sehemu ileile mara tatu. Kama pengo linatokea mahali palepale kila mara, faili limeharibika tangu liliporekodiwa na hakuna fundi atakayelirudisha; kama pengo linahama, mara ya kwanza kwenye "wageni", mara ya pili kwenye "leo", faili ni zima na kosa liko kwenye uchezaji. Langu lilihama. Nililihamishia pia kwenye simu, na huko sentensi ikatoka safi, na "ha" yake mahali pake.

Hapo ndipo nilipofunga kasha la kompyuta kwa leso, nikapanda taksi hadi katikati ya jiji, kwenye duka moja la matengenezo ambalo sitalitaja kwa jina, kwa kuwa sidhani kwamba kosa lao ni lao peke yao. Fundi aliniambia kwa upole na kwa uhakika mkubwa, akiniita Nnyabo, yaani "bibi" kwa Kiganda, "Nnyabo, hii Windows imechoka." Akaifuta, akaiweka upya, akacheza muziki kwa nusu saa nzima mbele yangu, na hapakukatika hata noti moja. Nikalipa shilingi 50,000. Nilipofika nyumbani, nikachomeka kila kitu mahali pake na kuweka programu zangu, sauti ilikatika kabla ya chai ya jioni.

Nilirudi. Safari hii uamuzi ulikuwa kwamba kadi ya sauti imekufa nusu, na kwamba kadi mpya pamoja na ufundi itakuwa shilingi 120,000. Nikajiona mjanja kwa kukataa, nikanunua pale pale kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB kwa shilingi 30,000, nikarudi nyumbani, nikachomeka vipokea sauti vya masikioni, nikasikia mkwaruzo uleule, ila sasa ulikuwa karibu zaidi na sikio.

Ili mtu aelewe kwa nini kadi mpya haikusaidia, na kwa nini nasifu programu inayopima badala ya kifaa kinachouzwa, ni lazima ajue sauti husafiri vipi ndani ya kompyuta. Kwa kompyuta, sauti ni mlolongo wa namba. CD hubeba namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Kompyuta nyingi za leo hucheza namba 48,000. Windows haizipeleki namba hizo moja moja bali huzipakia mafungu mafungu katika akiba ndogo ambayo mafundi huiita bufa, na kwa kawaida fungu moja hubeba sauti ya milisekunde 10, yaani namba 480 kwa kila upande. Mtu wa Bweyogerere ataelewa haraka nikisema kwamba fungu hilo ni jerikeni. Maji hayatoki muda wote, kwa hiyo nyumba huishi kwa jerikeni zilizokwisha kujazwa. Maadamu mchota maji anarudi na iliyojaa kabla ile ya ndani haijakauka, hakuna anayekumbuka kwamba bomba liko mbali. Akizuiliwa njiani, hata kwa mazungumzo mafupi, nyumba inakauka. Kadi ya sauti ikikuta jerikeni tupu haina uwezo wa kungoja, kwa sababu saa yake inaendelea kupiga. Itatoa kimya au itarudia mabaki ya fungu lililopita, na huo ndio mkwaruzo tunaousikia.

Anayemzuia mchota maji ni nani, basi? Kila kifaa kilichounganishwa na kompyuta, iwe kibodi, diski au kifaa cha mtandao, kina haki ya kuikatiza prosesa kikiwa na jambo la haraka. Draiva ya kifaa hicho, yaani programu ndogo inayokiunganisha na Windows, hutakiwa kutenda jambo dogo kabisa papo hapo, kisha kuiweka kazi iliyobaki kwenye foleni ya kazi zilizoahirishwa, ambazo nazo huzitangulia programu zote za kawaida, ikiwemo ile inayojaza jerikeni za sauti. Microsoft huwashauri watunzi wa draiva kwamba kazi ya kukatiza isizidi mikrosekunde 25 na iliyoahirishwa isizidi mikrosekunde 100 (mikrosekunde 1,000 ni milisekunde moja). Draiva iliyoandikwa bila uangalifu inaweza kukikalia kiini cha prosesa kwa milisekunde kadhaa, na muda wote huo programu ya sauti husimama mlangoni hata kama prosesa ni ya kisasa na ina nguvu. Kwa hiyo ucheleweshaji hutokea kabla sauti haijaifikia kadi yoyote, ya zamani au mpya, ya ndani au ya USB. Shilingi zangu 30,000 zilinunua jerikeni mpya, ilhali mchota maji alikuwa bado amezuiliwa palepale.

Aliyenielekeza kwenye LatencyMon ni mdogo wangu aliyeko Nairobi, ambaye hurekodi kwaya za kanisa kwa kompyuta ya mkononi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, usinunue kitu kingine. Pima kwanza." Programu hiyo ni ya megabaiti chache, hivyo haili bando, na toleo la nyumbani ni la bure kwa matumizi binafsi. Niliipakua kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa tovuti za kugawa programu za bure zina tabia ya kukufungia mzigo mwingine usioutaka. Kuiendesha kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Dirisha lake halina urembo wowote, ni mihimili, namba na maandishi, na yote ni ya Kiingereza.

Nilibofya alama ya kuanzisha, nikaifungua rekodi ya wageni, nikaiweka ijirudie bila kikomo, kisha nikakaa kimya mbele ya skrini kama mtu anayevizia panya. Kwa dakika mbili hivi mihimili ilibaki mifupi na ya kijani. Mbele ya kasha la kompyuta yangu palikuwa na kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye taa ya kijani ambayo sikuwahi kuitilia maanani. Taa hiyo ikaanza kupepesa haraka haraka, spika zikakwaruza, na mhimili mmoja ukaruka hadi kwenye nyekundu. Sekunde chache baadaye maandishi ya juu yalibadilika na kutamka hukumu kwamba mashine yangu inapata taabu kushughulikia sauti ya papo kwa papo, kwamba kuna draiva ambayo kazi zake zilizoahirishwa zinachukua muda mrefu mno, na kwamba nichunguze pia mipangilio ya matumizi ya umeme ya prosesa.

Uzuri wa programu hii uko kwenye ukurasa wake wa draiva. Huko huorodhesha kila draiva iliyoitwa tangu kipimo kianze, pamoja na muda mrefu zaidi iliowahi kuutumia kwa mkupuo mmoja. Nikaipanga orodha kwa safu hiyo, na juu kabisa pakasimama ndis.sys, na mbele yake mikrosekunde 11,400. Hesabu ni fupi: hizo ni milisekunde 11.4, na jerikeni ya sauti hudumu milisekunde 10.

Hapa ni lazima nimwonye msomaji, kwa kuwa ndipo programu inapoweza kumpotosha. Faili ndis.sys ni sehemu ya Windows yenyewe. Ni lango ambalo draiva zote za mtandao hupitia, kama vile Wdf01000.sys ilivyo lango la vifaa vya aina nyingi na ACPI.sys inavyohusika na umeme na betri. LatencyMon huona lango likiwa limeshikiliwa, na hulitaja lango. Kulilaumu ni kumlaumu askari wa getini kwa tabia ya mgeni aliyemfungulia. Nimewaona watu wakihangaika kutafuta "ndis.sys mpya" kwenye intaneti, jambo ambalo si la lazima na linaweza kuwaletea virusi. Namba ikishakutajia lango, kazi inayobaki ni yako: zima kifaa kimoja kimoja kinachopitia lango hilo, na upime tena baada ya kila kimoja.

Kwangu mimi kulikuwa na kifaa kimoja tu. Nilikichomoa kidude cha waifai, nikakiweka mezani, nikaanzisha kipimo upya. Dakika ishirini zilipita. Wageni hawakula, wakarudia kutokula, wakaendelea kutokula hadi binti yangu akauliza kutoka chumbani kama mama ana akili timamu. Namba ya juu kabisa kwenye orodha nzima haikufika mikrosekunde 400.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo lingeniokolea shilingi 80,000 kama mimi au fundi angeliwaza: nilipoipeleka kompyuta dukani, nilibeba kasha peke yake. Kidude cha waifai nilikichomoa na kukiacha nyumbani kwenye droo, nikihofia kitapotea njiani. Mashine iliyochezewa muziki kwa nusu saa pale dukani haikuwa mashine ileile iliyokuwa ikikwaruza Bweyogerere. Fundi hakuniuliza nyumbani huwa nimechomeka nini, nami sikumwambia, na kwa hiyo Windows iliyodaiwa kuchoka ikafutwa bila kosa. Draiva ya kidude ilirudi yenyewe jioni ileile nilipokichomeka.

Tiba haikuja kwa hatua moja, na programu ilinisaidia kujua kila hatua ilikuwa na thamani gani. Kwanza nilipakua draiva mpya kutoka kwa watengenezaji wa chipu iliyomo ndani ya kidude, badala ya ile ambayo Windows ilikuwa imejiwekea. Kilele kikashuka hadi karibu nusu, na mikwaruzo ikapungua lakini haikwisha. Kisha niliiondolea Windows ruhusa ya kukizima kidude ili kuokoa umeme, mpangilio unaopatikana kwenye sifa za kila kifaa cha mtandao. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuonekana. Bila kipimo ningeamini kwamba hatua hiyo ndiyo iliyoniponya, kwa kuwa saa moja iliyofuata ilipita bila mkwaruzo, lakini namba zilikuwa zilezile, na baada ya chakula cha mchana mkwaruzo ulirudi. Mwishowe nilinunua waya wa mtandao wa mita 15 kwa shilingi 18,000, nikaupitisha juu ya milango kutoka sebuleni hadi kwenye meza yangu, na kidude nikakirudisha kwenye droo.

Sauti ilikuwa safi kwa siku tatu. Siku ya nne, nikiwa nimefungua kivinjari chenye kurasa nyingi na antivairasi ikiwa imeanza ukaguzi wake, pengo moja refu likarudi. Halikuwa mkwaruzo bali kimya kizima cha karibu nusu sekunde. Nilifungua LatencyMon nikitarajia kumwona mkosaji yuleyule, lakini draiva zote zilikuwa na adabu. Kilichokuwa kimejaa ni ukurasa wa programu, ambao huhesabu jambo jingine kabisa, yaani mara ambazo kila programu ilihitaji kitu kilichokuwa kimeondolewa kwenye memori na kuhifadhiwa kwenye diski, ikalazimika kungoja kirudishwe. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo safari moja tu ya kwenda kutafuta kitu kwenye diski inaweza kula karibu jerikeni nzima, na safari kadhaa zikifuatana hakuna akiba itakayotosha. Memori ya gigabaiti 4 haikutosha tena kivinjari, antivairasi na mwalimu kwa wakati mmoja. Niliongeza gigabaiti 4 nyingine za mtumba kwa shilingi 45,000, nikaipangia antivairasi ifanye ukaguzi wake usiku, na hesabu ya kivinjari kwenye ukurasa huo ikapungua sana.

Nimeeleza tukio hilo la pili kwa sababu ndilo lililonifanya niiheshimu programu hii kuliko ushauri mwingi nilioupata. Kwa sikio la kawaida, magonjwa yote mawili yalikuwa "sauti inakatika". Ushauri wa jumla ungenipa orodha ndefu ya kujaribu: zima viboreshaji vya sauti vya Windows, badilisha mpangilio kutoka namba 44,100 hadi 48,000, ondoa draiva ya sauti na uiweke upya. Hayo yote niliyafanya, na kwa kompyuta nyingine yangeweza kusaidia, kwa kuwa viboreshaji vibovu kweli huikwaruza sauti. Lakini kila moja ni kubahatisha. LatencyMon ilinitenganishia draiva inayokalia prosesa na diski inayocheleweshwa na uhaba wa memori, nami nikajua ni wapi pa kuweka fedha.

Nimeijaribu pia kwenye kompyuta ya mkononi ya mwalimu mwenzangu anayefundisha Kiswahili katika shule ya jirani, na huko pia somo lilikuwa jingine. Yake ilikuwa ikikatika tu pale umeme unapopotea na kuanza kutumia betri, jambo ambalo kwetu Kampala si la kungoja wiki nzima. Kwenye umeme wa ukutani kipimo kilikuwa kijani. Kwenye betri kikapanda mara moja, kwa kuwa mpangilio wa kuokoa umeme uliipunguza kasi ya prosesa na kuisinzisha kila ilipopata nafasi. Tulibadilisha mpangilio huo uwe wa nguvu kamili hata kwenye betri, sauti ikatulia, na yeye akakubali kwamba betri itaisha mapema. Mwenye kompyuta ya mkononi asipime mara moja tu, bali mara mbili, ikiwa imechomekwa na ikiwa haijachomekwa.

Sasa kasoro zake. Kubwa kuliko zote nimekwisha kuitaja: jina linalotokea juu ya orodha mara nyingi ni la lango, na programu haiendi hatua moja mbele kumwambia mtu wa kawaida ni kifaa kipi kilicho nyuma yake. Ya pili ni kwamba hukumu yake ya maandishi ni kali kupita kiasi. Kilele kimoja kinachotokea wakati wa kufungua programu kubwa kinaweza kuigeuza hukumu ikawa mbaya, na kwa kuwa inakumbuka kilele cha juu tu tangu ulipoanza, haitasahau hadi uanze upya. Mimi husubiri dakika tano baada ya kompyuta kuwaka, ndipo naanzisha kipimo, na huiacha ipime angalau dakika kumi nikiwa nafanya kazi zangu za kawaida. Mkwaruzo uliousikia ukilingana na mruko ulioona, hapo ndipo namba ina maana. Ya tatu ni lugha. Maelezo yake ni Kiingereza cha kiufundi, na mtu aliyezoea kompyuta kwa kuandika na kuchapisha tu atahitaji mtu wa kumkalia kando mara ya kwanza.

Tena yapo mambo ambayo haiyaoni kabisa, na si haki kuilaumu kwa hayo. Haioni waya wa spika uliolegea, wala spika iliyotoboka, wala faili lililoharibika. Vipokea sauti vya Bluetooth hutumia masafa ya gigahazi 2.4, yaleyale ambayo waifai nyingi hutumia, na vikikatika kwa kugongana hewani mihimili yote itabaki kijani huku wewe husikii neno. Video ya intaneti inayosubiri data pia haiihusu. Ndiyo maana nasisitiza majaribio yale mawili ya mwanzo, la kucheza faili lililo kwenye diski na la kurudia sehemu ileile, yafanywe kabla ya kupakua chochote. Pia inafanya kazi kwenye Windows pekee.

Miaka ya Windows 7 nilikuwa nimewahi kuona chombo kingine cha bure, DPC Latency Checker cha Thesycon, ambacho kilichora nguzo nzuri za rangi na kueleweka hata na mtoto. Bado kinapatikana hapa na pale, lakini kisitumiwe: tangu Windows 8, iliyotoka 2012, namna mfumo unavyohesabu muda ilibadilika na chombo hicho huonyesha namba zisizo za kweli. Zaidi ya hayo hakikuwahi kutaja draiva yoyote. Microsoft wenyewe wana vifaa vya uchunguzi vinavyokwenda ndani zaidi, lakini hivyo ni vya wahandisi.

Kama ni lazima nitoe nyota, nitatoa nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya lile lango na ule ukali wa hukumu. Jumla ya matumizi yaliyoniponya kweli ni shilingi 63,000, za waya na memori. Jumla ya yale ya kubahatisha ni shilingi 80,000 bila kuhesabu nauli.

Ile kadi ndogo ya USB niliirudisha dukani. Hawakuirudisha fedha, na risiti yao ilisema wazi kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, kwa hiyo sikubishana. Lakini nilimwonyesha fundi picha ya skrini niliyoipiga kwa simu, ndis.sys na namba yake, nikamweleza habari ya kidude kilichobaki kwenye droo. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Nnyabo, hiyo programu nitumie." Nilimjibu kwamba nitamtumia anwani ya tovuti, ila toleo la bure ni la nyumbani, na duka linalotoza watu fedha linapaswa kununua lile la kulipia. Akacheka, akavuta daftari lake la wateja, na chini ya mstari wa aina ya kompyuta na tatizo lake akaandika kwa kalamu safu mpya: vitu vilivyochomekwa.